Kitasa Kabla ya Mlango

Mwikali ana hati halali ya kiwanja, na ana nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, lakini nyumba haiko juu ya kiwanja chake. Iko juu ya kiwanja cha jirani, cha kona. Hati haina kasoro: mwanasheria ameikagua, ofisi ya ardhi imeithibitisha, namba zinalingana na ramani. Nyumba nayo haina kasoro. Nimelala ndani yake mvua ikinyesha usiku kucha na sikusikia tone hata moja likianguka mahali pasipofaa. Shida ni kwamba viwili hivyo vimekaa bega kwa bega miaka yote hii kama majirani wasiosalimiana, na kati yao kuna mpaka ambao hakuna aliyeuona hadi mwaka jana. Mwenye kiwanja cha kona alikuja na mpima ardhi, vijana wakafyeka nyasi, na chini ya nyasi ikaonekana bikoni ya zege, alama ya mpaka, imetulia, upande usiotakiwa wa ukuta wa jikoni.

Mwezi huu Mwikali alituita nyumbani kwake Joska, sisi tuliofanya naye kazi Saudia. Alisema tuje tule. Otieno, aliyekuwa dereva wetu, alifika na kreti ya soda, akiwa na kitambi ambacho hakuwa nacho zamani. Bi Rukia alipanda treni kutoka Mombasa na kikapu cha mahamri. Mimi nilitoka Voi. Kila mmoja wetu alijua kwamba siku hiyo Mzee Kilonzo, mwenye kiwanja cha kona, angekuja kutoa jibu. Mwikali alikuwa amemwomba wabadilishane hati: yeye achukue kona yenye nyumba, mzee achukue kiwanja kitupu cha Mwikali kilicho pembeni yake, futi hamsini kwa mia vilevile. Mzee akikubali, ni kutia sahihi tu. Akikataa, nyumba itabomolewa. Tatizo ni kwamba kona inagusa barabara na kiwanja kitupu hakiigusi, na mzee alikuwa amemwahidi binti yake kona ili afungue duka. Tulikaa sebuleni tukisubiri, na nikajikuta nautazama mlango. Kitasa kilikuwa kilekile.

Nilikiona mara ya kwanza Riyadh, mwaka wetu wa kwanza, kabla sijatimiza thelathini. Kampuni iliyotuajiri ilikodisha wasafishaji kwa saa. Hatukuwa na madam mmoja wa kukaa naye kama akina dada wengi wa kwetu. Kafili wetu, yaani mdhamini aliyeshika ikama zetu, vibali vya kuishi, na maisha yetu, alikuwa kampuni yenyewe, na nyumba zetu zilikuwa zote na hakuna hata moja. Asubuhi basi la Otieno lilitushusha wawili wawili kwenye milango ya watu, mchana likatuokota, alasiri likatushusha kwingine. Mimi na Mwikali tulipangwa pamoja. Nyumba za Riyadh asubuhi zilikuwa bado usingizini. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa, AC ikivuma kwa sauti ya mtu anayekumbuka wimbo nusu, marumaru baridi hadi kwenye mifupa ya miguu, na mahali fulani ndani kabisa mtoto akicheka kwenye televisheni isiyotazamwa na mtu. Madam alitufungulia, akanyoosha kidole upande wa vyumba, akarudi kulala. Tulifundishwa kuanza chumba cha mwisho na kumalizia mlangoni, tukipiga deki kinyumenyume ili tusikanyage tulichosafisha. Kwa hiyo mwaka ule wote nilitoka nyumba za watu kwa mgongo. Hata leo nikizikumbuka sizioni nikiingia. Naziona zikienda mbali nami polepole, sakafu ikimeremeta, makochi ya dhahabu yakipungua hadi kuwa madogo kama ya mwanasesere, kisha mlango, kisha jua.

Mwikali alikuwa na tabia moja. Kabla ya kutoka alishika kitasa cha mlango mkubwa na kukizungusha mara moja, taratibu, kama daktari anayepima mshipa. Mwanzoni nilidhani anahakikisha tumefunga. Baadaye niligundua alikuwa anachagua. Alijua kitasa gani kinalegea kikizeeka, kipi kinaacha harufu ya chuma mkononi, kipi kinafungwa kwa sauti ya heshima. Kwao Kitui walikuwa wakifunga mlango kwa kamba ya mpira tangu azaliwe, na hilo ndilo pekee alilowahi kuniambia kuhusu nyumbani kwao. Ijumaa moja Otieno alitupeleka Dira, kwenye maduka ya zamani katikati ya mji, na wakati sisi tunatafuta sabuni na nguo za ndani, Mwikali alipotea. Tulimkuta kwenye kibanda cha Mpakistani anayeuza vifaa vilivyotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Mkononi alikuwa na kitasa cha shaba chenye mpini uliopinda kama shingo ya bata.

Otieno alikitazama, akamtazama yeye. "Huyu anaanza na kitasa! Mlango uko wapi?"

"Mlango utakifuata."

"Na nyumba?"

"Nyumba itaufuata mlango."

"Haki ya Mungu! Kesho utanunua mgeni wa kubisha hodi."

"Mgeni ninaye tayari. Ni wewe, na utakaa nje."

Otieno alicheka hadi Mpakistani naye akacheka bila kujua kwa nini. Tuliporudi kwenye basi Mwikali alikuwa amekipakata kitasa kwenye kitambaa, na vumbi la Riyadh lilikuwa limepanda hewani, la rangi ya chai ya maziwa, majengo yote yakielea bila misingi. Nakumbuka nilifikiri kwamba mji mzima ulikuwa kama yeye: mlango kwanza, ardhi baadaye.

Ardhi ilipatikana miezi michache mbele. Kaka yake, Musyoka, alinunua kiwanja kwa niaba yake, akaonyeshwa bikoni, hati ikatoka. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mahali pa nyumba, na sisi wote tulikuwepo wakati inachaguliwa. Ilikuwa Ijumaa mchana, chumbani kwetu, vitanda vya juu na chini vimefungiwa leso kuwa mapazia, Bi Rukia anakaanga vitunguu kwenye jiko la umeme tulilokatazwa kuwa nalo. Alikuwa mkubwa wetu wote, na sauti yake ilijaza chumba hata aliponong'ona. Hivyo ndivyo watu wa pale walivyonunua na kujenga wakati ule: jamaa anasimama kwenye majani nyumbani na simu imeinuliwa, na wewe unatembea kwenye shamba lako kwa macho, ukiwa umekaa kitandani na soksi. Mwikali aliiegemeza simu kwenye mkebe wa maziwa. Tulibanana nyuma yake. Musyoka alionekana kwanza kama pua, halafu kama anga, halafu kukawa na nyasi, upepo, na mbali kule mlima wa Kilimambogo, wa buluu, umelala.

Mtu fulani nyuma yangu aliguna kwa kutamani. Hatukuwa tumeona kitu cha kijani kilichojiotea chenyewe kwa muda mrefu.

"Kaka, kuna nguzo," Mwikali alisema.

"Nguzo gani?"

"Ya stima. Inakata mlima katikati."

"Nguzo ni ya serikali, dada. Niing'oe?"

"Sogea wewe basi. Upande wako wa kulia."

Picha ikaanza kuyumba. Nyasi zikapita, viatu vya Musyoka vikapita.

"Bado," alisema Mwikali. "Bado. Bado kidogo. Hapo! Usitikisike!"

Nguzo ilikuwa imetoka. Mlima ulikaa mzima ndani ya simu kama picha iliyotundikwa ukutani. Bi Rukia aliacha vitunguu vyake, akaja na mwiko mkononi.

"Hebu nami nione. Ala! Kumbe mwana wataka kunywa chai huku wautazama mlima! Nasi watu wa pwani tukija tutatazama nini?"

"Mtatazama chai, Bi Rukia."

"Weka jiwe hapo," Mwikali akamwambia kaka yake. "Mlango mkubwa uwe hapo uliposimama."

Musyoka aliinama, akaokota jiwe, akaliweka mbele ya viatu vyake. Tulipiga makofi na vigelegele hadi mlinzi wa jengo akagonga ukuta. Vitunguu vikaungua. Tulivila hivyohivyo, na sijawahi kula pilau yenye ladha ya furaha kama ile, chungu kidogo. Sasa tunajua kwamba zile hatua za kulia zilivuka mpaka. Jiwe lililokuwa mlango wa Mwikali liliwekwa kwenye ardhi ya Mzee Kilonzo, na bikoni ilikuwa pale pale chini ya nyasi, haionekani kwenye simu. Nguzo yenyewe imeshaondolewa. Ilioza, wakaja wakaichukua, na leo mtu akisimama kwenye kiwanja halali cha Mwikali anauona mlima wote bila kikwazo.

Joto lilipozidi, kampuni ilitupeleka baadhi yetu Jeddah, pamoja na Otieno na basi lake. Tulikaa Baghdadiyah, juu ya duka la vitambaa, kwenye chumba kilichonuka chumvi na pasi ya moto. Riyadh hewa ilikuwa kavu hadi midomo ikapasuka. Jeddah hewa ilikuvaa. Nguo zilizoanikwa asubuhi zilikuwa na unyevu jioni, na kila kitu kilikuwa na kingo laini, hata sauti ya adhana, hata huzuni. Mimi na Mwikali tulipewa nyumba moja kwa wiki kadhaa: nyumba ya zamani mtaa wa Ruwais, ya mjane tuliyemwita Umm Hani, aliyekuwa anauza ili akaishi na mwanawe. Tulitakiwa kuisafisha hadi mnunuzi asione umri wake. Ilikuwa nyumba nyeupe yenye ngazi nyembamba, vyumba vya juu vilivyojaa mwanga wa maziwa, na jikoni moja kubwa nyuma lililoongezwa na baba yake Umm Hani zamani, lenye vigae vya kijani. Jikoni lile ndilo lililokuwa nyumba yenyewe. Kwingine kote kulikuwa na mwangwi. Jikoni kulikuwa na iliki.

Umm Hani hakulala tulipofanya kazi. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa katikati yetu, akatusimulia kwa Kiarabu chake cha polepole, akituongezea mikono pale maneno yetu yalipokwisha. Hapa alipigwa na mama yake kwa kumwaga samli. Pale mume wake alikula samaki wake wa kwanza kama bwana harusi na akasema chumvi imezidi, "na halas, nikajua nitampenda, maana hakuogopa kusema."

Siku moja mpima ardhi alikuja kabla ya adhuhuri, na mnunuzi, na Hani, yule mwana wa Umm Hani. Hani alikuwa amesoma Amerika na alizungumza nasi Kiingereza. Mpima alisimamisha kifaa chake chenye miguu mitatu kichochoroni, akachungulia, akahamia kona nyingine, akachungulia tena. Mimi na Mwikali tulikuwa tunaosha madirisha ya jikoni na tukamwona akitutazama kupitia kile kijicho chake kana kwamba tulikuwa mbali sana. Baadaye waliingia wote na kuanza kusema kwa kasi. Hatukuyashika mengi, ila neno moja lilirudi na kurudi. Mafi. Hamna. Kwenye hati, jikoni hamna. Baba yake Umm Hani alilijenga juu ya sehemu ya kichochoro, na kichochoro ni cha watu wote.

Umm Hani alibaki kwenye kiti chake. "Basi wali wote ule tuliupikia wapi?" aliuliza.

Nadhani Hani alitaka kumtuliza, au kujituliza, maana alianza kueleza kwamba Amerika mnunuzi wa nyumba hukata bima ya hati. Akitokea mtu na dai la zamani juu ya nyumba, bima inasimama mbele yake. Alitufafanulia na sisi kwa Kiingereza, akiwa amekaa kwenye meza na kikombe, kama mwalimu mpole. Mama yake alimtazama. "Bima ya karatasi," alisema. "Na bima ya jikoni je?"

Mwikali alikuwa bado ameshika kitambaa. "Samahani, bosi," alisema kwa Kiingereza chake cha tahadhari. "Hiyo bima inapima ardhi?"

Hani alicheka, si kwa ubaya. "La. Inalinda karatasi. Ardhi lazima upime mwenyewe."

Mwikali aliendelea kuosha dirisha lile lile muda mrefu baada ya kuwa safi. Alasiri, tulipomsubiri Otieno kwenye baraza, alimpigia kaka yake. Nilikuwa nimekaa ngazi moja chini yake na nilisikia pande zote mbili, kwa sababu Musyoka daima aliongea na simu kama anaita ng'ombe.

"Kaka, kabla ya kuchimba msingi mlipima?"

"Kupima nini?"

"Ploti."

"Bikoni si tulionyeshwa siku ya kununua? Ziko. Sikiliza, dada, tumeshafika kwenye lenta, juu ya madirisha, imebaki jikoni tu. Fundi ananiuliza dirisha la jikoni litazame wapi."

Upepo wa bahari ulikuwa unapita kichochoroni, ukiinua kona ya buibui lake. Nilimwona akifungua mdomo. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta. Mtu akiambiwa kwamba kuta zake zimefika juu ya kichwa, anauliza nini tena?

"Litazame mlima," akasema.

Mnunuzi wa Ruwais alikubali kuichukua nyumba bila jikoni. Siku yetu ya mwisho mafundi walikuwa wameshaleta matofali ya kuziba mlango kati ya jikoni na nyumba, yamepangwa nje, na kesho yake lingebomolewa. Tulidhani hatutakuwa na kazi huko. Umm Hani akatuletea ndoo yeye mwenyewe. "Liosheni kama kawaida," alisema. Tuliliosha. Tulisugua vigae vya kijani hadi tukajiona ndani yake, tukaosha sinki, tukaosha nyuma ya jiko ambako hakuna aliyewahi kutazama, tukapiga deki kinyumenyume hadi mlangoni, na yeye akiwa amesimama nyuma yetu, mkono wake mgongoni mwangu, akituongoza tusijikwae. Chumba kisichokuwepo kilikuwa kinang'aa. Hakulia. Alizima taa na kusema yalla, twende, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tukichelewesha.

Miaka mingi imepita. Nimeingia nyumba zangu mwenyewe kwa uso, na nimezisahau. Zile za watu ndizo zinazorudi, na mara nyingi huja zikiwa zimechanganyika, makochi ya Riyadh ndani ya mwanga wa Ruwais, na mahali fulani mlima umewekwa dirishani ambapo haukuwepo. Nilipokuwa sebuleni Joska nilihisi hivyo. Mwikali alikuwa ametueleza alivyokwenda kwa mwanasheria na kumwuliza, kwanza kabisa, kuhusu bima ya hati, maana hakuwahi kuyasahau maneno ya Hani. Mwanasheria alimsikitikia. "Mama, hata ungekuwa nayo," alimwambia, "hati yako ni nzima. Ingelipa nini?"

Mzee Kilonzo alifika tukiwa tumeanza kula. Aliendesha malori maisha yake yote na bado anatembea kama mtu anayeshuka kutoka juu. Alikataa wali, akakubali chai. Aliizunguka nyumba kwa nje peke yake, tukamwona kichwa chake kikipita dirisha hadi dirisha, akarudi, akaketi.

"Nyumba ni nzuri," alisema. "Ingekuwa mbaya ningelala vizuri."

"Mzee, na jibu?" Bi Rukia hakuweza kusubiri.

"Jibu si langu. Kona ni ya Ndinda. Nimemwambia apige, aione mwenyewe."

"Yuko wapi huyo Ndinda?" Otieno aliuliza.

"Riyadh."

Mwikali aliweka sahani chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Simu ilipolia mzee hakujua kuigeuza kamera, akanipa mimi. Kwenye kioo alikuwa msichana mwenye macho mapana, amevaa sare ya kampuni fulani, na nyuma yake niliona kitanda cha juu na leso imefungwa kuwa pazia. "Habari zenu," alisema. "Baba, nionyesheni ploti yangu." Nikatoka nje na wengine wakanifuata. Nilimwonyesha barabara, na pale ambapo duka lingekaa. Nilimwonyesha bikoni. Nilimwonyesha kiwanja kitupu cha pembeni, naye akauliza kama gari linafika, nikasema ukweli, kwamba halifiki bila kuomba njia. Mlima ulikuwa wazi, wa buluu, na nilisikia akivuta pumzi.

"Na hiyo nyumba ndiyo ile?"

"Ni yangu," Mwikali alijibu akiwa nyuma ya bega langu.

"Samahani, aunty. Isogeze simu karibu na mlango."

Nikaisogeza.

"Hicho kitasa ulikitoa wapi?"

"Dira," alisema Mwikali. "Kwa wale wanaouza vya nyumba zilizobomolewa."

"Bado wapo," alisema Ndinda. Kisha kutoka upande wake tulisikia honi ya basi, ndefu, yenye hasira. Otieno alishtuka kana kwamba ni yeye anayeitwa. "Ni zamu ya alasiri," Ndinda alisema, tayari amesimama, chumba kikizunguka nyuma yake. "Baba, nitapiga nikirudi."

Tulikaa hadi jua likashuka, tukanywa chai yote. Bi Rukia alilala kwenye kochi. Jana Mwikali aliniambia kwamba Mzee Kilonzo alikuja tena, akaketi kwenye kiti kilekile, akautazama mlima, akaaga bila kusema neno juu ya kona. Ndinda bado hajapiga.